Wiki kumi za machipuko na programu moja ya hali ya hewa

Siku ya tatu baada ya kuanza kuitumia programu hii, kijipicha cha jua zima, lisilo na hata wingu dogo pembeni, kilikaa juu ya skrini ya simu yangu tangu alfajiri, nami nikakiamini. Nilitoka na shati jepesi. Ilipofika saa nane na robo mchana nilikuwa nimejibanza chini ya ukingo wa paa la jengo nisilolijua, nikitazama mvua ya mawe ikidunda barabarani, chembe zake zikiwa na ukubwa wa mbaazi, huku watu wakikimbia wakiwa wamejifunika vichwa kwa mifuko na madaftari. Baada ya dakika kumi na mbili hivi jua lilikuwa limerudi, lami ikitoa mvuke, na kile kijipicha kilikuwa pale pale kilipokuwa asubuhi. Programu ilikuwa imepatia karibu saa zote za siku ile. Iliyoikosa ni ile moja niliyoihitaji.

Nimeendelea kuitumia kwa wiki kumi, tangu theluji ya mwisho ilipoyeyuka hadi miti ilipokamilisha majani, na kila jioni nimeandika kwenye daftari kilichotabiriwa na kilichotokea. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanazihusu programu nyingi za aina hii, ambazo aghalabu huchota maji katika kisima kimoja: matokeo ya modeli chache kubwa za kompyuta zinazoendeshwa na vituo vichache vya hali ya hewa duniani. Tofauti kati ya programu na programu ipo zaidi katika namna ya kuyapokea matokeo hayo, kuyachuja na kuyaonyesha kwa mtu anayetaka kujua kama achukue koti. Hii ninayoitathmini ina sehemu nne: jedwali la saa kwa saa la siku mbili, ukurasa wa siku kumi na nne, ramani ya rada, na arifa za tahadhari. Nimezipa sehemu hizo uzito usiolingana, kwa sababu hazilingani.

Ili kuitendea haki programu, ni lazima kwanza nieleze kwa nini machipuko ni mtihani mgumu kuliko majira mengine. Wakati huu jua limekwisha kupanda juu na mchana umerefuka, kwa hiyo ardhi hupata joto upesi tangu asubuhi; lakini hewa iliyo kilomita tano juu ya vichwa vyetu bado imebaki na ubaridi wa majira yaliyopita. Hewa iliyopashwa joto na ardhi huwa nyepesi na hupanda, na kila inapopanda kilomita moja hupoa kwa takriban nyuzi joto 10 hadi mvuke wake uanze kugeuka matone ya wingu. Kuanzia hapo hupoa polepole zaidi, kwa sababu mvuke unapogeuka matone hutoa joto. Hewa inayoizunguka ikiwa baridi kuliko yenyewe, itaendelea kupanda kama moto umewashwa chini yake, na wingu lililokuwa kipande cha pamba saa nne asubuhi litakuwa mlima wenye kilele cheupe ilipofika saa nane. Kwa kuwa kimo ambacho maji huganda bado kiko chini wakati huu wa mwaka, matone hayo yanaweza kushuka yakiwa mawe kabla hayajapata nafasi ya kuyeyuka. Ndiyo sababu mvua ya mawe ndogo ndogo ni mgeni wa kawaida katika siku za machipuko zenye jua kali asubuhi.

Sasa, wingu moja la namna hiyo lina upana wa kilomita chache tu na maisha yake huenda yasifike saa moja. Modeli ya dunia nzima ya kituo cha Ulaya kinachoshughulikia utabiri wa muda wa kati, ambayo inahesabiwa miongoni mwa zilizo bora kabisa, huigawa anga katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 9. Kumkamata mtoto wa wingu kwa miraba ya ukubwa huo ni kutega dagaa kwa jarife, wavu wa matundu makubwa: unajua kwa hakika kwamba baharini mna dagaa, unaweza hata kusema ni wengi au wachache, lakini yule mmoja atakayepita mbele ya ngalawa yako huwezi kumtaja. Zipo modeli za maeneo madogo zenye miraba myembamba zaidi, ya kilomita moja au mbili, na hizo huweza kuyaumba mawingu yenyewe. Hata hivyo nazo huyaweka mahali pasipo pake, au saa moja mapema, na kwa mtu aliyesimama barabarani hiyo ni sawa na kukosea.

Jambo la pili linaloyafanya machipuko yageuke geuke ni kwamba hewa baridi ya upande wa ncha ya dunia na hewa ya joto ya upande wa ikweta bado zinavutana. Mpaka wao husukumwa huku na huko na mkondo wa upepo mkali wa anga za juu, ambao hujipinda kama kamba inayotikiswa. Ukiwa upande mmoja wa mpaka unavaa shati; ukisogea, au mpaka ukikupitia, unatafuta sweta. Tofauti ya jotoridi kati ya leo na kesho inaweza kufika nyuzi kumi bila mtu kushangaa.

Katika jambo hili la pili, programu ilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Wiki ya nne jedwali la saa kwa saa lilisema, tangu siku mbili kabla, kwamba upepo ungegeuka kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni na jotoridi lingeshuka kutoka nyuzi 19 hadi 11. Siku hiyo nilikuwa uani nikianua nguo. Hewa ilikuwa nzito na vuguvugu, shuka zikining'inia bila kutikisika, na kwa upande wa machweo anga ilikuwa na utepe wa rangi ya risasi. Saa kumi na dakika ishirini shuka ya mwisho ilijaa upepo ghafla kutoka upande mwingine kabisa, vibanio viwili vikaruka, na nilihisi baridi shingoni kana kwamba mtu amefungua mlango wa jokofu nyuma yangu. Kipimajoto changu cha ukutani, kilichokuwa kikisoma 19, kilisoma 12 kabla sijamaliza kukunja. Programu ilikuwa imeniambia hayo yote siku mbili kabla, karibu kwa saa yenyewe. Mpaka wa hewa kama huo una urefu wa mamia ya kilomita, na kitu kikubwa namna hiyo hakipenyi katika wavu.

Kwa hiyo jedwali la saa kwa saa ninalipa sifa kamili katika upepo na jotoridi la mchana. Nimelitumia kupanga siku ya kupaka rangi dirisha, siku ya kuendesha baiskeli dhidi ya upepo na kurudi nao, siku ya kutandaza magodoro juani. Mara chache lilikosea kwa zaidi ya nyuzi mbili, na mara hizo nyingi zilikuwa siku za ukungu wa asubuhi uliokataa kuondoka. Wingu la chini linalokaa saa tatu zaidi ya lilivyotarajiwa huiba joto la mchana mzima, na hilo ni kosa linalowasumbua hata watabiri waliobobea.

Kasoro ya kwanza kubwa niliyoiona iko katika vijipicha. Programu huipa kila siku picha moja, na baada ya wiki kadhaa nilitambua kanuni yake: ikiwa katika saa zote za siku kuna saa moja yenye uwezekano mkubwa kidogo wa mvua, siku nzima hupewa wingu lenye matone, ikiwa uwezekano huo uko chini kidogo ya kiwango fulani, siku nzima hupewa jua. Matokeo yake ni kwamba siku yenye manyunyu ya dakika ishirini alfajiri na jua safi hadi magharibi, na siku ya mvua isiyokatika, zote hubeba picha ile ile. Kulikuwa na kipindi cha siku tisa mfululizo ambapo ukurasa ulionyesha wingu, jua na matone matatu, kila siku, kama mhuri. Katika siku hizo tisa nilipata siku mbili kavu kabisa, moja ya mvua tangu asubuhi hadi usiku, na zilizobaki zilikuwa za vipindi vya mvua na jua kupokezana. Mtu aliyetazama vijipicha pekee angeahirisha kila kitu kwa siku tisa, au angepuuza vyote na kuloweshwa ile siku moja. Watengenezaji wangeweza kuigawa siku katika asubuhi, mchana, jioni na usiku, vijipicha vinne badala ya kimoja, na tatizo hili lingepungua kwa sehemu kubwa.

Chini ya kila kijipicha kuna asilimia ya mvua, na hapa ndipo nilipolazimika kujifunza upya kusoma. Watu wengi niliozungumza nao wanaamini kwamba asilimia 30 maana yake mvua itanyesha kwa asilimia 30 ya muda wa siku, wengine wanadhani ni asilimia 30 ya eneo, na wengine huisoma kama kipimo cha ukali wa mvua. Maana yake ya kawaida ni nyepesi zaidi: ukizikusanya siku zote ambazo mtabiri mzuri alisema asilimia 30, basi katika kila siku kumi za namna hiyo, tatu hivi zitapata mvua mahali pako, na saba hazitapata. Mtabiri anayesema asilimia 30 na mvua ikanyesha hajakosea. Angekuwa amekosea kama mvua ingenyesha katika nusu ya siku hizo, au isinyeshe hata mara moja. Asilimia hiyo, pia, haisemi lolote kuhusu kiasi. Kiasi hupimwa kwa milimita, na milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba, kipimo ambacho mtu yeyote anayemwagilia bustani anaweza kukiona kwa macho yake.

Programu hii inazo milimita, lakini imezificha. Lazima uguse saa husika, kisha uteremke chini ya kasi ya upepo na unyevuanga, ndipo uzikute. Ningependa sana asilimia na milimita ziwekwe ubavu kwa ubavu, kwa sababu uwezekano wa asilimia 80 wa kupata nusu milimita na uwezekano wa asilimia 30 wa kupata milimita 15 ni siku mbili tofauti kabisa. Ya kwanza nitatoka na kofia tu. Ya pili nitasafisha mfereji wa maji ya paa kabla sijatoka, hata kama kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba haitatokea, maana hasara yake ikitokea ni kubwa. Nilipoanza kusoma namba hizi mbili kwa pamoja, daftari langu lilibadilika: malalamiko yalipungua, na yale yaliyobaki yakawa ya haki.

Ramani ya rada ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, na kama programu ingekuwa na sehemu hiyo peke yake bado ningeiacha kwenye simu yangu. Rada hutuma mawimbi ya redio, mawimbi hugonga matone na kurudi, na kutokana na nguvu ya mwangwi na muda uliochukua kurudi hujulikana mvua iko wapi na ni nzito kiasi gani. Picha hubadilika kila baada ya dakika tano au kumi. Katika siku za mvua za vipindi, ambazo modeli haziwezi kuzitaja moja moja, rada huonyesha kila kipindi kikitembea, na ukitazama picha za nusu saa iliyopita zikicheza mfululizo unaweza kukadiria kwa jicho kwamba doa lile la njano litafika kwako baada ya dakika ishirini na tano, na nyuma yake kuna nafasi tupu ya dakika arobaini. Nimetembea katika nafasi hizo tupu mara nyingi mno. Nimekwenda na kurudi bila tone moja katika siku ambazo jirani zangu walikaa ndani wakisubiri mvua ikatike.

Programu huisogeza mbele picha ya rada kwa saa mbili, na hapa inafaa kuwa mwangalifu. Nusu saa ya kwanza ni ya kuaminika sana. Baada ya saa moja, mawingu yaliyoonekana yamekwisha kufa na mengine yamezaliwa mahali ambapo ramani ilionyesha weupe, kwa hiyo saa ya pili niliitumia kwa tahadhari. Kuna jambo jingine ambalo programu haielezi. Mwale wa rada husafiri ukipanda juu ya ardhi kadiri unavyokwenda mbali, kwa sababu dunia imepinda, na hivyo mbali na kituo cha rada huona mvua iliyo juu sana na kukosa manyunyu yanayotoka katika mawingu ya chini. Mara kadhaa nilinyeshewa na manyunyu mazito huku ramani ikiwa tupu. Mara nyingine ilikuwa kinyume: doa la kijani lilikuwa juu ya nyumba yangu kwa robo saa, nami nilisimama nje nikitazama mistari ya kijivu ikining'inia kutoka katika wingu kama pindo za kanga na kuishia hewani. Matone yale yalikuwa yakikauka katika hewa kavu kabla ya kugusa ardhi. Uso wangu ulipata ubaridi tu, na harufu ya mvua iliyonyesha kwingine. Maelezo ya sentensi mbili chini ya ramani yangewasaidia watumiaji wasidhani kwamba chombo kimeharibika.

Nafika sasa kwenye jambo lililoniumiza. Wiki ya sita, baada ya siku tano za joto, niliitoa nje miche yangu ya nyanya niliyoiotesha dirishani kwa wiki nyingi na kuipanda kwenye tuta la chini, karibu na ukuta wa nyuma, mahali ambapo ardhi imeingia ndani kidogo. Kabla ya kulala nilitazama programu: kiwango cha chini cha usiku, nyuzi joto 3. Hakukuwa na arifa yoyote. Asubuhi nilikuta nyasi zikiwa nyeupe na zikivunjika chini ya viatu, na miche kumi na moja kati ya kumi na minne ikiwa na majani meusi yenye majimaji, yaliyolala juu ya udongo kama matambara. Nilipoigusa, majani yalibaki kwenye vidole.

Programu haikudanganya, na hilo ndilo linalofanya kasoro hii iwe nzito. Jotoridi linalotabiriwa ni la hewa iliyo kimo cha takriban mita moja na robo hadi mita mbili juu ya ardhi, kimo ambacho vipimajoto vya vituo vya hali ya hewa huwekwa. Katika usiku mkavu usio na mawingu na usio na upepo, ardhi na majani hupoteza joto lake kuelekea angani bila kizuizi, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama katika mabonde na mashimo. Usiku wa namna hiyo jalidi, yaani ule weupe wa barafu nyembamba, huweza kutanda ardhini ilhali kipimajoto kilicho mita mbili juu kinasoma nyuzi mbili, tatu au hata nne juu ya sifuri. Machipuko ndiyo majira yenye hatari hiyo zaidi, kwa sababu mimea imekwisha kutoa majani laini huku usiku ukiwa bado mrefu kiasi cha kupoa.

Kinachonisikitisha ni kwamba programu ilikuwa na kila kitu ilichohitaji ili kunionya. Ilijua anga ingekuwa wazi. Ilijua upepo ungetulia. Ilikuwa hata na jotoridi la umande, yaani kiwango ambacho hewa ikipoa hadi kukifikia mvuke wake huanza kutua kama umande, na usiku ule kiwango hicho kilikuwa chini ya sifuri, dalili kwamba hewa ilikuwa kavu na ingeweza kuendelea kupoa bila kuzuiwa. Namba hizo tatu zilikuwa katika kurasa tatu tofauti. Tangu siku ile nimejiwekea utaratibu: usiku ukitabiriwa kuwa wa nyuzi 5 au chini yake, naangalia mawingu, upepo na jotoridi la umande kabla ya kulala, na vyote vitatu vikiwa vibaya natandaza shuka kuukuu juu ya tuta. Sijapoteza mche mwingine. Kanuni hiyo ninayoifanya kwa mkono, kompyuta ingeifanya kwa dakika isiyotimia, na arifa moja jioni ingetosha. Katika wiki kumi nilipokea arifa nyingi za upepo na radi, zote zikiwa na msingi, na hakuna hata moja ya jalidi. Kwa mkulima au mtunza bustani, upungufu huu pekee unatosha kumfanya atafute huduma nyingine au aongeze kipimajoto cha kuweka chini, juu ya udongo.

Ukurasa wa siku kumi na nne nauweka mwisho kwa kuwa ndio unaofunguliwa zaidi na ndio unaostahili imani ndogo kuliko zote. Umeandikwa kwa namna ile ile kuanzia juu hadi chini: siku, kijipicha, jotoridi la juu, jotoridi la chini. Siku ya kumi na nne ina sura ya uhakika sawa na kesho. Nilifuatilia Jumamosi moja tangu ilipotokea mkiani mwa ukurasa: siku ya kwanza ilipewa jua na nyuzi 21, siku mbili baadaye mvua na nyuzi 9, kisha mawingu na 14, kisha jua tena na 18, na ilipowadia ilikuwa na mawingu kiasi na nyuzi 15. Rafiki yangu alikuwa amepanga shughuli ya nje siku hiyo, akaiahirisha kwa sababu ya zile nyuzi 9, na akajuta.

Sababu ya kuyumba huko inajulikana tangu zamani. Mwaka 1961, mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz, alipokuwa akirudia hesabu kwenye kompyuta yake huko Marekani, aliingiza namba 0.506 badala ya 0.506127, akidhani tofauti ndogo namna hiyo haina athari. Baada ya muda hali ya hewa ya kwenye karatasi iliachana kabisa na ile ya hesabu ya kwanza. Makala aliyoichapisha mwaka 1963 ilionyesha tabia hiyo kwa milinganyo michache iliyorahisishwa, na anga yenyewe inayo pia: kosa dogo katika kupima hali ya leo hukua hadi kuufunika utabiri wote, na kikomo cha utabiri hukadiriwa kuwa kama wiki mbili. Watabiri hawakukata tamaa. Tangu mwaka 1992 vituo vikubwa vya Ulaya na Marekani huendesha modeli mara nyingi kwa pamoja, kila mara kwa kuanzia na hali iliyotofautiana kidogo. Kituo cha Ulaya hufanya hivyo mara 51. Matokeo yakikaribiana, unaweza kuamini. Yakitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, hiyo nayo ni taarifa yenye thamani: inakuambia usifunge mkataba na Jumamosi ile.

Programu hupokea taarifa hiyo ya mtawanyiko, kisha huitupa na kuonyesha namba moja. Ningependa mahali pa "21" paandikwe "kati ya 9 na 21", na kijipicha kiondolewe kabisa baada ya siku ya saba. Ningependa pia neno libadilishwe. Ukurasa unaitwa "Utabiri wa siku 14", ilhali Kiswahili cha wataalamu wa hali ya hewa tayari kina neno lililo adilifu zaidi, "mwelekeo", linalotumika wanapozungumzia msimu. Mwelekeo husema wiki ijayo inaegemea kwenye ubaridi kuliko kawaida, au kwenye ukavu, na husimama hapo. Na kusema kweli lugha yetu ilikwisha kuupima mpaka huu kabla ya kompyuta: tuna kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, na baada ya hapo siku hazina tena majina yake ya pekee. Daftari langu linakubaliana na hesabu hiyo. Hadi mtondogoo programu ilinifaa karibu kila mara kwa mambo makubwa, kama siku itakuwa ya joto au ya baridi, ya upepo au tulivu, yenye mvua ndefu au ya vipindi. Baada ya hapo ilianza kupapasa.

Kuna hali moja inayovunja kanuni hiyo, na ni haki kuitaja. Mgandamizo mkubwa wa hewa unapotuama mahali pamoja kwa siku nyingi, kama ulivyofanya wiki ya nane, utabiri hata wa siku ya saba na ya nane hutulia. Wiki ile ukurasa haukubadilika kwa zaidi ya nyuzi mbili tangu mwanzo hadi mwisho, anga ikabaki buluu, na asubuhi zikawa za baridi na mchana za joto, kama zilivyoandikwa. Programu ingeweza kutofautisha wiki kama hiyo na wiki ya vurugu kwa rangi tu pembeni ya kila siku. Haikufanya hivyo, na mtumiaji huzipokea zote mbili kwa imani sawa.

Mengine ni madogo. Inafunguka upesi, maandishi yake ni makubwa ya kutosha kusomeka juani, Kiswahili chake kina makosa machache yanayovumilika, na matangazo yake hayazibi ramani. Hutumia betri nyingi endapo utaiachia rada iwe wazi.

Kwa mtu anayetaka kujua kama achukue mwavuli kwa safari ya saa moja, naipendekeza bila kusita, mradi afungue rada na asiishie kwenye kijipicha. Kwa anayepanga kazi ya siku tatu zijazo, naipendekeza pia, akisoma asilimia pamoja na milimita. Mwenye bustani aongeze kipimajoto chake mwenyewe, na mwenye sherehe ya wiki mbili zijazo asiifungue kwa sasa.

Ninapoandika haya ni saa kumi na mbili jioni. Kesho jedwali linatoa nyuzi 17 na upepo mwepesi, na rada ni tupu hadi mbali. Keshokutwa mpaka wa hewa unakuja, mvua kuanzia alfajiri, asilimia 90 na milimita 12, kisha mtondo jua na vipindi vya mvua alasiri katika hewa baridi, siku ya mawe bila shaka, na mtondogoo upepo kutulia. Usiku wa mtondogoo umeandikwa nyuzi 4, anga wazi. Zile shuka kuukuu nimezikunja na kuziweka karibu na mlango wa nyuma.